UKURASA WA MTANDAO NA SHULE YETU: HISTORIA FUPI KWA ANAYEANZA



Kamati ya mkutano wetu imeniomba niandike makala ya historia. Huenda wengi wenu mnatazamia nieleze habari za akina Merere wa Usangu, au za ujenzi wa reli. Hayo ni mambo makubwa, na wapo wenzetu wanaoyafahamu kunipita. Mimi nimechagua historia iliyo changa zaidi, nayo ni ya ukurasa wa mtandao, yaani tovuti: jinsi ulivyoanza, jinsi ulivyotufikia, na jinsi mtu asiyejua lolote awezavyo kuanza kuutengeneza mwenyewe.

Sababu ya kuchagua jambo hili ni kwamba katika ajenda ya mkutano wetu limo pendekezo la shule kuwa na tovuti yake. Wapo wanaotaka tuchange fedha tumpe fundi wa Dar es Salaam aitengeneze, kisha tumwage. Wapo wanaosema kwamba hiyo ni anasa, maadamu paa la bweni linavuja. Mimi nina rai ya tatu, lakini kabla ya kuitoa yafaa kwanza tutazame mambo yalivyokwenda. Historia ina faida hiyo: humwonyesha mtu kwamba jambo analolijadili leo limekwisha kujadiliwa na wengine, na matokeo yake yanajulikana.

1. Kutoka stensili hadi kompyuta

Wale tuliosoma hapa miaka ya 1990 tunaikumbuka mashine ya kurudufu. Mwalimu alipiga maneno kwa tapureta juu ya karatasi ya stensili, kisha stensili ikafungwa kwenye mashine, na mkono ukazungushwa mpaka mitihani ya darasa zima ikatoka. Aliyekosea herufi alipaka dawa nyekundu, akasubiri ikauke, akapiga upya. Kazi ilikuwa ya taabu, lakini ilikuwa yetu. Hapakuwa na haja ya kumwita mtu kutoka mjini ili mtihani wa Kidato cha Pili upate kuchapwa.

Wachapaji wa vitabu nao walikuwa na desturi yao. Mhariri aliupokea mswada, akaandika alama pembezoni: hiki ni kichwa cha habari, hapa ianze aya mpya, neno hili lipigwe kwa herufi za mlazo. Alama hizo hazikuchapwa kitabuni. Zilikuwa maagizo kwa fundi wa matbaa. Mwaka 1969, watu watatu wa kampuni ya IBM huko Marekani, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie, waliichukua desturi hiyo wakaipeleka kwenye kompyuta. Walitunga namna ya kuandika alama ndani ya maandishi yenyewe, ili mashine ijue kipi ni kichwa na kipi ni aya. Lugha yao iliitwa GML, nazo ndizo herufi za kwanza za majina yao ya ukoo. Kizazi chake, SGML, kilikubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa mwaka 1986. Mwanafunzi akumbuke jambo hilo, maana ukurasa wa mtandao mpaka leo ni mswada wenye alama za mhariri.

2. Kompyuta yafika nchini, kisha yapigwa marufuku

Vijana wengi hudhani kompyuta ililetwa Tanzania juzi. La, sivyo. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kilichofuata ndicho kinachostahili kufikiriwa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa polepole katika miaka ya 1980, na hata hapo mwenye kutaka mashine alipaswa kuomba kibali.

Leo ni rahisi kuwacheka wakubwa wale. Mimi siwacheki. Nchi ilikuwa na fedha kidogo za kigeni. Mashine zilikuwa ghali, wenye kuziendesha wengi walikuwa wageni, na hesabu za Serikali zilipovurugika hapakuwa na wenyeji wa kutosha waliojua ndani ya mashine mlikuwa na nini. Mashine ilinunuliwa, ujuzi haukununuliwa. Aliyenunua hakuweza kuisahihisha, wala kujua kosa ni la mashine au la mtu. Basi ikaonekana afadhali kuiacha kabisa.

Hata hivyo hasara ya uamuzi ule ilikuwa kubwa, kwa sababu aliyekatazwa kuigusa mashine hukatazwa pia kujifunza. Twaona basi kwamba yapo makosa mawili yanayofanana na ndugu pacha. La kwanza ni kununua chombo bila kujifunza, na la pili ni kukikataa chombo kwa kuwa hatukujifunza. Naomba wajumbe wa mkutano wayaweke moyoni yote mawili.

3. Tatizo la masijala

Sisi watumishi wa Serikali tunajua maana ya masijala. Barua ikiingia hupewa namba ya kumbukumbu, huwekwa katika jalada lake, na kila karatasi hupata namba ya folio. Ofisa akiandika dokezo husema "rejea folio ya 14", na anayesoma hurudi huko akaona. Masijala ikiwa nzuri ofisi hukumbuka, na ikiwa mbaya kila ofisa anayehamishwa huondoka na kumbukumbu za ofisi kichwani mwake.

Tatizo hilohilo ndilo lililozaa tovuti. Karibu na jiji la Geneva, Uswisi, lipo shirika la utafiti wa fizikia liitwalo CERN. Maelfu ya wataalamu kutoka nchi nyingi hufanya kazi huko kwa muda, kisha huondoka. Kila kundi lilikuwa na kompyuta za aina yake, na maarifa yalikuwa yakipotea kila mtu alipofungasha virago. Mwezi Machi 1989 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, aliandika pendekezo la kuziunganisha habari zote hizo, ili hati moja iweze kumpeleka msomaji kwenye hati nyingine popote ilipo. Mkuu wake, Mike Sendall, aliandika juu ya jalada la pendekezo hilo dokezo fupi, kwamba jambo lenyewe halijaeleweka vizuri lakini linasisimua. Wale tuliozoea madokezo ya wakubwa twajua kwamba mengi huishia hapo. Hilo halikuishia hapo.

Kufikia mwisho wa mwaka 1990 Berners-Lee alikuwa na vitu vinne vinavyofanya kazi. Kwanza, anuani ya kila hati, mfano wa ile namba yetu ya kumbukumbu. Pili, utaratibu wa kompyuta moja kuiomba hati kwa kompyuta nyingine. Tatu, lugha ya kuandikia hati, HTML, iliyochukua alama zake kutoka SGML. Nne, programu ya kuzisomea, ambayo leo twaiita kivinjari. Kompyuta inayozihifadhi hati na kuzitoa zinapoombwa huitwa seva, nayo ndiyo masijala yenyewe. Mwaka 1991 kazi hiyo ilitangazwa kwa watu wa nje.

Jambo moja watu wengi hawalijui. Kivinjari kile cha kwanza hakikuwa cha kusomea tu. Mtu aliweza kusoma ukurasa na kuandika ukurasa katika chombo kilekile. Mwanzilishi alikusudia kwamba kila msomaji awe pia mwandishi. Mwaka 1993 kilitoka kivinjari kiitwacho Mosaic, kilichotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Kilikuwa rahisi kutumia, kilionyesha picha pamoja na maandishi, na kikaipeleka tovuti duniani kote. Lakini hakikuwa na sehemu ya kuandikia. Tangu hapo watu wengi wakawa wasomaji, na wachache wakawa waandishi. Na sisi wa Chimala tuliingia kwa mlango huo wa wasomaji.

4. Zawadi ya mwaka 1993

Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba programu za tovuti zitakuwa mali ya umma, na mtu yeyote anaweza kuzitumia bila malipo. Wakati huo ulikuwapo mtandao mwingine wa hati, Gopher, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambao nao ulipendwa sana. Mapema mwaka huohuo chuo hicho kilitangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa seva zake watatozwa ada. Watu wakaingiwa na shaka, wakahamia kwenye kitu kisicho na ada. Leo ni wachache wanaolikumbuka hata jina la Gopher.

Nawaambia wanafunzi habari hii kwa sababu inawahusu. HTML haina mwenyewe anayedai kodi, wala hakuna leseni ya kukata. Mtoto wa mkulima wa mpunga wa Igurusi ana haki nayo sawa na profesa wa Geneva. Yaliyofuata nayo yalitolewa vivyo hivyo. Mwaka 1994 Mnorwe Håkon Wium Lie alipendekeza lugha ya kupamba kurasa, CSS, ambayo toleo lake la kwanza lilikamilika Desemba 1996. Mwaka 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alitunga kwa siku 10 lugha ya JavaScript, inayoufanya ukurasa utende jambo msomaji anapobofya.

5. Njia ipitayo Chimala

Chimala tumejaliwa kukaa njiani. Bomba la mafuta la kwenda Zambia lilifunguliwa mwaka 1968. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilitiwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, na stesheni yetu ipo mpaka leo. Kila kilichokwenda kusini kilipita hapa.

Intaneti nayo ilifuata mkondo huo, ingawa ilichelewa. Kwa miaka mingi nchi yetu ilipata intaneti kwa setilaiti, ikawa ghali na ya polepole. Mimi nilianza kujifunza kutengeneza kurasa mwaka 2002, nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika kafe za intaneti tulilipa kwa saa, na ukurasa mmoja wenye picha uliweza kula dakika nzima. Basi tulijifunza ubahili. Niliandika kurasa zangu bila intaneti, nikazibeba katika disketi, na nililipia dakika chache tu za kuzipeleka. Darasa langu lilikuwa kurasa za watu wengine, kwa maana vivinjari vya kompyuta vina mahali pa kubofya ukaona maandishi asilia ya ukurasa pamoja na alama zake zote. Ni kama seremala anayekuruhusu ugeuze meza yake uone jinsi alivyounga miguu.

Mwezi Julai 2009 waya wa chini ya bahari wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Wakati huohuo Serikali ilikuwa ikijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ulikuja kupita Iringa na Mbeya hadi mpakani Tunduma. Kama ilivyokuwa kwa reli, Wachina walishiriki kuujenga.

Lugha yetu nayo haikubaki nyuma. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu ambayo maneno yake yote yalikuwa kwa Kiswahili. Ilionekana basi kwamba kompyuta haikatai Kiswahili. Inachohitaji ni mtu wa kukiandika.

6. Jinsi ya kuanza

Sasa nawageukia wanafunzi. Anayeanza hahitaji kompyuta mpya, wala intaneti. Inatosha kompyuta moja kuukuu yenye programu ya kawaida ya kuandikia, kama vile Notepad. Andika mistari hii mitatu:

<h1>Shule Yetu</h1>
<p>Shule yetu ipo Chimala, Mkoa wa Mbeya.</p>
<a href="historia.html">Soma historia ya shule</a>

Hifadhi kazi yako kwa jina index.html, kisha ifungue kwa kivinjari. Utaona kichwa cha habari kwa herufi kubwa, aya moja, na maneno ya kubofya. Alama ya h1 ni kichwa, p ni aya, na a ni kiungo, yaani ile "rejea folio" ya masijala. Alama yenye mkwaju hufunga kilichofunguliwa. Ukisahau kufunga huenda kivinjari kikakuvumilia, lakini usizoee. Kisha andika ukurasa wa pili, uuite historia.html, uuweke katika jalada lilelile. Ukibofya na ukafika, umekwisha kuunganisha hati mbili, na wazo la mwaka 1989 limetendeka mbele ya macho yako.

Yapo mambo matatu ambayo anayeanza ayashike tangu siku ya kwanza.

La kwanza, jengo litangulie rangi. Mkulima wa Usangu haingizi maji kabla ya kugawa majaruba. Hugawa kwanza, akainua kingo, ndipo maji yaingie. Vivyo hivyo gawa ukurasa wako kwa vichwa na aya kabla ya kufikiria mapambo. HTML yasema hiki ni nini, na CSS yasema kionekane vipi. Ukivichanganya, siku ya kubadili rangi utabadili kila ukurasa mmoja mmoja.

La pili, mfikirie msomaji maskini. Picha ya simu ya kisasa ni nzito. Ipunguze kabla ya kuiweka, maana mzazi wa Matamba, juu ya zile kona 57, anailipia kwa bando lake. Na kila picha iandikie maneno ya kuieleza, ili kompyuta iweze kumsomea asiyeona.

La tatu, weka tarehe. Kila ukurasa useme umeandikwa lini na nani anauangalia. Ukurasa usio na tarehe ni sawa na barua isiyo na tarehe, na katika masijala barua ya namna hiyo haina nguvu.

7. Rai yangu kwa mkutano

Katika utumishi wangu nimeona ofisi moja iliyolipa fedha nyingi ikatengenezewa tovuti ya kupendeza. Fundi aliondoka na nywila. Miaka minne baadaye ukurasa wa "Habari Mpya" bado ulikuwa ukimkaribisha mkuu aliyekwisha kustaafu. Ofisini hapakuwa na mtu aliyeweza kuondoa hata nukta. Serikali iliona udhaifu wa namna hiyo, ikaanzisha Wakala ya Serikali Mtandao mwaka 2012, ambayo sheria ya mwaka 2019 iliifanya kuwa Mamlaka. Shule yetu haina mamlaka ya kuikimbilia. Ina wanafunzi.

Basi napinga kumpa fundi, na napinga kuacha. Napendekeza shule ianzishe chama cha wanafunzi cha kutunza kumbukumbu, chini ya mwalimu mmoja, na tovuti iwe kazi ya mikono yao. Kidato cha Tatu wafundishwe na Kidato cha Nne kabla hawajamaliza, kama tulivyorithishana bustani na banda la kuku. Hiyo ndiyo Elimu ya Kujitegemea tuliyosomeshwa. Sisi wahitimu tulete kompyuta zetu za zamani, na tulipie kila mwaka jina la shule linaloishia kwa .sc.tz, ambalo limetengwa kwa shule, pamoja na nafasi katika seva. Nywila zikae kwa Mkuu wa Shule katika bahasha iliyofungwa, zisikae kwa mtu binafsi. Tena izingatiwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: matokeo, picha na habari za wanafunzi zisitundikwe ovyo.

Wanaosema paa la bweni litangulie wana haki, nami nimekwisha kutoa mchango wangu wa paa. Lakini daftari la kwanza la uandikishaji linaliwa na mchwa, na wazee waliosoma hapa kabla yetu wanapungua kila mwaka. Bati laweza kununuliwa hata mwakani. Maneno ya mzee aliyefariki hayanunuliwi. Vijana wenye daftari na kalamu wakienda kwa wazee hao, kisha wakaandika kwa Kiswahili safi, tutakuwa na historia ya shule iliyoandikwa na shule yenyewe. Tusipoiandika, ataiandika mwingine kwa namna aionavyo, au haitaandikwa kabisa.

Kwa upande wangu nimetenga wiki mbili za likizo yangu ya mwaka ili nije kufundisha, mkutano ukikubali. Sidai nauli. Nitakachohitaji ni chumba chenye umeme, meza, na wanafunzi walio tayari kukosea na kurekebisha. Ndugu mwenye kompyuta anayoikusudia shule na ailete siku ya mkutano, ikiwa na waya wake.